Nikola Tesla na Mota Isiyotoa Cheche

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, nipate kuwasimulia wanafunzi wenzangu wa zamani, na hao walioko madarasani sasa, maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake twaitumia kila siku na wengi wetu hatumjui. Mtu huyo ni Nikola Tesla. Mimi sikumjua kwanza kwa kusoma kitabu. Nilimjua kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na kwa hiyo nitaanza na kosa hilo.

Kwetu ni Ruhwa, kusini-magharibi ya Rwanda. Mto wenye jina hilo hutenga nchi yetu na Burundi, kisha huingia katika Mto Rusizi, na hapo ndipo Rwanda, Burundi na Kongo zinapokutana. Ni nchi ya bondeni, yenye joto, na mashamba ya mpunga ya Bugarama yametanda huko. Baba yangu mdogo alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, nayo iliendeshwa kwa mota moja ya umeme, kubwa kama mtungi wa maji.

Nilipokuwa kidato cha pili, siku moja ya likizo, baba mdogo aliniachia mashine akaenda msibani. Ulikuwa msimu wa mavuno. Watu walikwisha panga magunia tangu alfajiri, na mama mmoja alitaka mchele wake upesi auuze siku ile ile, apate kumlipia mwanawe ada. Nikabonyeza swichi. Mota ikanguruma, lakini haikuzunguka. Nikazima, nikawasha tena. Ikanguruma vile vile. Watu wakaanza kunung'unika, nami nikaona haya. Basi nikaiacha ikinguruma huku nauvuta mkanda kwa mikono nipate kuisaidia, jambo la hatari sana ambalo namkataza kila msomaji asilifanye. Punde si punde nikasikia harufu ya kuungua, na moshi ukatoka. Mota ilikuwa imekufa.

Baba mdogo aliporudi hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia tu kwamba mimi ndiye nitakayeipeleka mota Kamembe kwa fundi wa kusuka, na nikae huko mpaka iwe tayari, nijue nimeharibu nini. Kwangu hiyo ilikuwa adhabu nzito kuliko fimbo.

Fundi aliifungua mota, akanionyesha mafungu matatu ya nyaya za shaba yaliyosukwa kuizunguka ndani. Mawili yalikuwa meusi kama makaa; la tatu lilikuwa bado linang'aa. Akasema kwa hilo tu amejua yote: fyuzi moja kati ya tatu ilikuwa imekatika, mota ikabaki na nyaya mbili za umeme badala ya tatu, nami nikaendelea kuilazimisha. Umeme wa namna hiyo, alisema, huitikisa mota lakini hauwezi kuianzisha kuzunguka. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba yuko mtu aliyekaa miaka mingi akifikiri swali hilo, na jina lake ni Tesla. Nikarudi shuleni na jina hilo kichwani, nikatafuta habari zake. Hizi ndizo nilizozipata.

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho siku zile kilikuwa chini ya dola ya Austria, na sasa kimo katika nchi ya Kroatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodox. Mama yake hakujua kusoma, lakini alikuwa na akili nyingi na mikono yenye ufundi; alijitengenezea vyombo vya kazi za nyumbani, na alihifadhi mashairi marefu kwa moyo. Tesla alipokuwa mtu mashuhuri alisema daima kwamba kipawa chake cha uvumbuzi alikirithi kwa mama huyo.

Baba alitaka mwanawe awe kasisi kama yeye. Lakini kijana alipomaliza shule ya sekondari mwaka 1873 alishikwa na kipindupindu, akalala kitandani miezi mingi karibu na kufa. Katika ugonjwa huo baba alimwahidi kwamba akipona atampeleka kusoma uhandisi. Akapona, na mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi cha Graz, huko Austria.

Ni katika chuo hicho alipokutana na swali lake. Mwalimu wa fizikia aliwaletea wanafunzi mashine ya umeme iliyotengenezwa na Gramme, fundi wa Ubelgiji. Mota za siku zile zilikuwa za umeme wa upande mmoja, kama ule wa betri. Ndani yake mna sehemu inayozunguka, iliyovikwa nyaya, nayo huzunguka kati ya sumaku. Lakini ili izidi kuzunguka na isisimame njiani, umeme katika nyaya zake lazima ugeuzwe kila nusu ya mzunguko. Kazi hiyo hufanywa na gurudumu dogo la vipande vya shaba, liitwalo komyuteta, likisuguana na brashi zisizozunguka. Msuguano huo huzila brashi, hutoa joto, na kurusha cheche. Mashine ile ya Gramme ilirusha cheche nyingi mbele ya darasa. Tesla akasimama, akasema kwamba pengine ingewezekana kuitoa komyuteta kabisa na kutumia umeme wa kwenda na kurudi. Mwalimu alitumia muda mrefu kumweleza darasani kwamba jambo hilo haliwezekani, ni sawa na kutafuta mashine inayojiendesha milele.

Msomaji asidhani kwamba baada ya hapo kijana aliongoka akasoma mpaka akashinda. La. Alisoma kupita kiasi mwanzoni, kisha akaingia katika kamari, akapoteza fedha za masomo, akaacha chuo bila shahada. Mama yake ndiye aliyemrudisha, si kwa ukali bali kwa kumpa fedha zilizobaki ili azimalize mara moja. Kijana akaona aibu, akaacha kamari. Baba yake alifariki mwaka 1879. Lakini katika mambo hayo yote swali la komyuteta halikumtoka Tesla kichwani.

Hata mwaka 1882, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu mjini Budapest, jioni moja alitembea katika bustani na rafiki yake Antal Szigeti. Jua likichwa, jibu likamjia ghafula. Akaokota kijiti akachora mota yake mchangani, akamweleza rafiki yake jinsi itakavyokwenda.

Jibu lenyewe ni hili, nami nitalieleza kwa mfano wa kwetu. Waangalieni wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja kwa zamu. Kila mmoja amesimama mahali pake, na mchi wake hupanda na kushuka tu. Lakini kwa kuwa hawatwangi pamoja, bali mmoja hufuata mwenziwe, pigo huzunguka kinu: la kwanza, la pili, la tatu, kisha la kwanza tena. Hakuna aliyeondoka mahali pake, lakini pigo linazunguka. Tesla aliona kwamba umeme waweza kufanya hivyo. Umeme wa kwenda na kurudi hupanda na kushuka kama mchi. Ukipeleka mikondo miwili au mitatu inayofuatana kwa zamu katika mafungu ya nyaya yaliyopangwa kuizunguka mota, nguvu ya sumaku itazunguka ndani yake, ingawa nyaya zenyewe hazitikisiki. Weka katikati chuma chenye vipande vya shaba, nacho kitafuata. Hakuna brashi, hakuna komyuteta, hakuna cheche.

Na kwa nini kifuate, na hakuna waya unaokigusa? Jibu lilikwisha patikana na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831: nguvu ya sumaku ikipita na kubadilika karibu na shaba, huzaa umeme ndani ya shaba hiyo. Umeme huo uliozaliwa huifanya sehemu ya katikati iwe sumaku nayo, ikavutwa na ile inayozunguka. Kwa sababu hiyo, mota ya namna hii haipaswi kamwe kuufikia mwendo wa sumaku inayoifuata. Ikiufikia, hakuna kinachobadilika tena, umeme hauzaliwi, nguvu hupotea. Mota ya baba mdogo ilikuwa na kibao kilichoandikwa 1440, yaani mizunguko kwa dakika. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, sumaku ndani ya mota ile yazunguka mara 1500. Ile tofauti ya 60, niliyodhani kuwa ni udhaifu wa kiwanda, ndiyo inayofanya mota iwe na nguvu.

Sasa mtaelewa kosa langu. Fyuzi moja ilipokatika, njia mbili zilizobaki zilibeba mkondo mmoja tu. Ni kama kubaki na mchi mmoja kinuni: waweza kupanda na kushuka kutwa, pigo halitazunguka. Mota ilinguruma kwa sababu ilikuwa ikitikiswa, na umeme mwingi uliokosa kazi ukageuka joto.

Turudi kwa Tesla. Jibu alikuwa nalo, mnunuzi hakuwa naye. Alikwenda Paris akaajiriwa na kampuni ya Edison, na mwaka 1883, alipotumwa Strasbourg, alitengeneza mota yake ya kwanza kwa mikono yake, ikazunguka. Lakini hakuna tajiri aliyeitaka. Mwaka 1884 akavuka bahari mpaka New York, akiwa, kwa maelezo yake mwenyewe, na senti nne mfukoni. Akamtumikia Edison miezi michache, akaacha kwa ugomvi wa malipo. Akashirikiana na watu wengine kutengeneza taa. Walipopata walichotaka wakamwacha mikono mitupu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1886 mtu huyu, mwenye jibu la swali kubwa kuliko yote ya umeme, alikuwa kibarua wa kuchimba mitaro.

Habari zake zilifika kwa matajiri wawili, Alfred Brown na Charles Peck, nao wakamfungulia karakana mwaka 1887. Tarehe 1 Mei mwaka 1888 alipewa hati za haki ya uvumbuzi wake, na tarehe 16 mwezi ule ule akausoma mbele ya wahandisi wa umeme wa Marekani. George Westinghouse, aliyekuwa na kampuni ya umeme wa kwenda na kurudi, akamwendea mara moja.

Yafaa kueleza kwa nini Westinghouse aliharakisha. Umeme wa Edison, wa upande mmoja, haukuweza kupelekwa mbali. Mtambo mmoja ulihudumia kama maili moja tu. Umeme wa kwenda na kurudi unaweza kuongezwa nguvu kwa transfoma, ukapita mbali katika waya mwembamba, kisha ukapunguzwa tena nyumbani. Lakini ulikuwa na kasoro moja: uliwasha taa, na hapakuwa na mota nzuri ya kuutumia. Mota ya Tesla iliziba pengo hilo. Mwaka 1893 maonyesho makubwa ya Chicago yaliwashwa kwa umeme huo. Mwaka 1895 mitambo ya maporomoko ya Niagara ikaanza kazi, na Novemba mwaka 1896 umeme wake ukafika mji wa Buffalo. Sisi tunaoishi kando ya Rusizi tusione habari hizo ni za mbali. Mto wetu unaotoka Ziwa Kivu ulifungwa mtambo wa kwanza, karibu na Mururu, mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa pili, wa ushirika wa nchi tatu, ulianza kazi mwaka 1989. Njia ni ile ile: maji huzungusha mashine mtoni, na mbali na hapo mota huzunguka katika mashine ya mpunga.

Haki yataka niseme pia kwamba Tesla hakuwa peke yake. Galileo Ferraris wa Turin, Italia, aliligundua jambo hilo hilo mwaka 1885 bila kumjua Tesla, akalitangaza Machi mwaka 1888. Naye Dolivo-Dobrowolsky, Mrusi aliyefanya kazi Ujerumani, ndiye aliyetengeneza mwaka 1889 mota ya njia tatu yenye kizimba cha shaba katikati, na hiyo ndiyo mama wa mota zilizojaa viwandani leo. Uvumbuzi mkubwa una baba wengi, kama vile mtoto wa kijijini.

Tesla angaliweza kufa tajiri. Mapatano yake na Westinghouse yalimpa haki ya dola mbili na nusu kwa kila nguvu ya farasi ya mota zitakazouzwa. Lakini kampuni ilipopatwa na shida ya fedha, alikubali kuiacha haki hiyo, na mwaka 1897 hati zake zikanunuliwa kwa dola 216,000. Mwaka 1895 karakana yake iliteketea kwa moto pamoja na kazi zake nyingi. Mwaka 1899 alikwenda Colorado Springs kujaribu kupeleka umeme bila waya, na mwaka 1901 akaanza kujenga mnara mkubwa karibu na New York kwa kazi hiyo. Fedha zikakatika, na mwaka 1917 mnara ukabomolewa. Alizeeka akihama hoteli hii na ile, akidaiwa kodi, akilisha njiwa wa mjini. Alifariki tarehe 7 Januari mwaka 1943 katika chumba cha hoteli huko New York, peke yake, mwenye umri wa miaka 86. Mwaka 1960 mataifa yalikubaliana kukiita kipimo cha nguvu ya sumaku kwa jina lake, tesla.

Kabla sijamaliza, nawaomba wanafunzi wajizoeze kuzitambua mota wanazokutana nazo, maana kila moja ina kazi yake. Mota ya umeme wa betri, yenye brashi, haikufa. Ndiyo inayowasha injini ya gari na kufuta mvua kiooni, kwa kuwa ina nguvu nyingi inapoanza. Drili ya mkononi na mashine ya kusagia matunda zina mota ya brashi iliyotengenezwa ikubali umeme wa namna zote mbili. Chungulia katika matundu yake na utaziona zile cheche zilizomchukiza Tesla. Feni na pampu ndogo ya nyumbani hutumia mota isiyo na brashi, lakini nyumba nyingi zina mkondo mmoja tu. Kwa hiyo hufungwa kapasita, ambayo huifanya sehemu ya umeme itangulie ili pawe na michi miwili badala ya mmoja. Kapasita ikifa, feni hunguruma bila kuanza, kama mota yangu. Iko na mota inayokwenda sawasawa na sumaku yake bila kuchelewa hata kidogo, nayo hutumiwa katika saa za umeme na katika baadhi ya mashine kubwa sana. Na pikipiki za umeme zinazopita siku hizi katika barabara za Kigali zina sumaku za kudumu. Kifaa cha elektroniki ndicho kinachopanga zamu za umeme kutoka betri. Tazameni: ni umeme wa betri, lakini nguvu inazunguka na hakuna brashi. Wazo la mchangani limefika hata huko.

Mota ya baba mdogo ilikuwa tayari siku ya nne. Tukaifunga, ikazunguka, lakini kinyume. Nilitaka kukimbia. Fundi, aliyekuja nami, akabadilisha nyaya mbili kati ya tatu, akawasha, ikaenda sawa. Kubadilisha zamu za wawili kati ya wale wanawake watatu kunaligeuza pigo lizunguke upande mwingine. Sasa niliweza kumweleza baba mdogo jambo hilo mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia gharama ya kusuka nitailipa kwa kufanya kazi likizo mbili bila ujira. Nikalipa. Na yule mama aliyekosa soko siku ile nilimkobolea magunia yake bure, kwa amri ya baba mdogo, lakini siku ya ada ilikuwa imekwisha pita, na mwanawe alirudishwa nyumbani wiki nzima. Jambo hilo sikulisahau.

Tangu hapo, mota ikinguruma bila kuzunguka, mkono wangu huenda kwanza kuzima, kisha kuzipima fyuzi zote tatu. Tesla aliambiwa na mwalimu wake kwamba haiwezekani, akaendelea kuuliza kwa nini. Mimi niliambiwa na mashine yenyewe kwamba haiwezekani, nikailazimisha bila kuuliza. Tofauti ya mtu na mtu, naona, imo hapo.

Natia kalamu chini. Wasalaam.

Mwanafunzi wa zamani,
Ruhwa.